Mtoto Mchanga Anapolia: Anatuambia Nini, na Tumtulizeje?



Wapendwa waamini, makala hii ilianzia kwenye benchi la hospitali. Nilikuwa nimekwenda Ikonda, wilayani Makete, kumpatia Mpako wa Wagonjwa mzee mmoja wa parokia yangu, na usiku ukanikuta huko. Wanaoijua Hospitali ya Consolata wanafahamu kwamba imejengwa mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na kwamba mwezi wa Julai baridi ya huko haina mzaha. Watu huja kutoka Makambako, Mbeya, Songea na mbali zaidi, wamejifunika mablanketi, wakisubiri habari za ndugu zao. Kando yangu aliketi mama kijana aliyemleta mama yake mzazi kutibiwa. Mgongoni alikuwa na mtoto wake wa kwanza, wa wiki tano hivi, na mtoto huyo alikuwa akilia tangu jua lilipozama.

Kila mtu alikuwa na neno. Mmoja alisema ni njaa, maziwa ya mama hayatoshi. Mwingine alisema ni chango. Wa tatu aliuliza kwa sauti ya chini kama baba wa mtoto "ametulia" huko aliko kwenye biashara, na mama yule akainamisha kichwa. Ndipo bibi mmoja akainuka, akatusalimu, "Kamwene," akamwomba mtoto, akamlaza kifuani ndani ya shuka lake na kuanza kutembea taratibu kwenye korido huku akiimba kwa Kikinga. Baada ya dakika chache mtoto alinyamaza. Mimi niliyesoma falsafa na teolojia kwa miaka mingi seminarini sikuwa nimesema wala kufanya lolote zaidi ya kumbariki mtoto kwa mbali. Nilirudi nyumbani nikiwa na maswali, nikawauliza wauguzi na madaktari, nikasoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kulia kwa mtoto mwenye afya

Wazazi wengi hawajawahi kuambiwa kwamba mtoto mwenye afya njema hulia, tena hulia sana. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha kumbukumbu za akina mama 80 walioandika siku kwa siku muda ambao watoto wao walilia. Katika umri wa wiki mbili, mtoto wa wastani alilia karibu saa moja na dakika 45 kwa siku. Alipofika wiki ya sita, kilio kilifikia karibu saa mbili na dakika 45. Baada ya hapo kilipungua, na kufikia wiki ya 12 kilikuwa kimebaki saa moja au chini yake. Sehemu kubwa ya kilio hicho huja jioni, wakati mama naye amechoka, kuni hazijawaka vizuri na watoto wakubwa wanataka chakula.

Utafiti wa baadaye umeonesha kuwa mlima huo, wa kupanda hadi mwezi mmoja na nusu na kisha kushuka, upo hata kwa watu wenye maisha tofauti kabisa na ya Marekani. Wasani wa jangwa la Kalahari huwabeba watoto wao kutwa nzima na kuwanyonyesha mara nyingi ndani ya saa moja. Watoto wao nao hulia mara nyingi, na kilio chao kina kilele kilekile, ila kila kilio ni kifupi. Maana yake ni kwamba kulia si kosa la mama. Ubongo na matumbo ya mtoto bado vinakua, na hajajua tofauti ya usiku na mchana. Wapo wanaolia zaidi ya saa tatu kwa siku, siku tatu au zaidi kwa wiki. Madaktari wamewapa hali hiyo jina, lakini chanzo chake hakijapatikana kwa hakika, na wengi wao hupona wenyewe wakifikia miezi mitatu au minne.

Naomba msomaji aushike ukweli huo wa mlima, kwa sababu unafafanua mambo mengi. Dawa yoyote anayoanza kupewa mtoto katika wiki ya sita itaonekana imeponya. Maji ya dukani ya kutuliza tumbo yataonekana yameponya, hirizi itaonekana imeponya, na hata kubadilisha jina kutaonekana kumeponya. Mtoto alikuwa tayari anaanza kushuka mlima.

Anachotuambia

Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kwanza cha Maungamo yake, anaeleza jinsi mtoto mchanga anavyotupa mikono na miguu na kupiga kelele kwa sababu matakwa yake yako ndani, na watu wazima wako nje wasiweze kuingia katika roho yake. Ni maelezo mazuri kuliko mengi niliyoyasoma. Mbele kidogo anajiuliza kama kule kulilia titi kwa pupa hakukuwa tayari dalili ya dhambi. Hapo, kwa heshima zote kwa Mwalimu wa Kanisa, mimi humwachia mwenyewe. Mtoto wa mwezi mmoja analilia titi kwa sababu tumbo lake ni dogo na maziwa yanayeyushwa upesi.

Njaa ndiyo sababu ya kwanza, na mtoto mchanga anahitaji kunyonya kati ya mara 8 na 12 kwa saa 24. Wauguzi walinifundisha jambo ambalo sikulijua: kilio ni dalili ya mwisho ya njaa. Kabla yake mtoto hugeuza kichwa akitafuta, hufungua mdomo na kunyonya mkono. Anayenyonyeshwa wakati huo hunyonya kwa utulivu. Anayesubiriwa hadi alie hushika titi vibaya, humeza hewa, na baadaye hulia tena kwa sababu ya gesi. Ndiyo maana baada ya kunyonya huwekwa begani na kupapaswa mgongo hadi acheue.

Sababu nyingine ni uchovu, nepi iliyolowa, baridi, na pia joto. Kwa Makete na Njombe hilo la joto linashangaza, lakini nimeona watoto waliovikwa sweta tatu, kofia mbili na blanketi la sufi ndani ya basi lililojaa watu. Mguse shingoni: akiwa na jasho, mpunguzie nguo. Na ipo sababu ambayo wakwe wengi huiita kudeka, yaani kutaka kubebwa. Mtoto amekaa miezi tisa akiyasikia mapigo ya moyo wa mama yake. Mwaka 2009 watafiti walilinganisha vilio vya watoto wachanga 30 wa Kifaransa na 30 wa Kijerumani wenye umri wa siku chache, wakakuta kila kundi linalia kwa mkondo wa sauti unaofanana na lugha ya wazazi wake. Walikuwa wamekwisha kuisikia tumboni. Mwinjili Luka, aliyetuandikia jinsi Yohane alivyoruka ndani ya tumbo la Elizabeti, nadhani asingeshangaa.

Uji unaoletwa na kilio

Mama akiambiwa mara tatu kwamba maziwa yake hayatoshi, mara ya nne anaamini. Mtoto wa miezi miwili anapewa uji wa ulezi, maji yenye sukari au maziwa ya ng'ombe. Kwa kuwa amepewa kingine ananyonya kidogo, na titi linalonyonywa kidogo hutengeneza maziwa kidogo. Hivyo tuhuma inatimia yenyewe. Maziwa yanayotosha yana ushahidi wake: mtoto hukojoa mara sita au zaidi kwa siku, na mstari wa uzito kwenye kadi ya kliniki unapanda. Vikiwepo hivyo viwili, kilio chake si cha maziwa kupungua. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba kwa miezi sita ya kwanza mtoto apewe maziwa ya mama peke yake, bila hata maji.

Katika mkoa wetu jambo hili lina uzito wa pekee, na itanilazimu kulisema waziwazi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta kwamba asilimia 12.7 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi mkoani Njombe wanaishi na virusi vya UKIMWI, kiwango cha juu kuliko mikoa yote ya nchi. Miongoni mwao wamo akina mama wanaonyonyesha. Mama anayemeza dawa zake kila siku na kunyonyesha kama alivyoelekezwa kliniki ana nafasi kubwa sana ya kumlea mtoto asiye na maambukizi. Lakini tangu utafiti uliofanyika Durban, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 1999, inajulikana kwamba kuchanganya maziwa ya mama na vyakula vingine katika miezi ya mwanzo huongeza hatari, kwa kuwa vyakula hivyo huchubua utumbo laini wa mtoto. Bibi anayemnywesha mjukuu uji mama akiwa shambani anafanya hivyo kwa upendo. Pengine hajui hali ya mkwewe, na mkwe anaogopa kumwambia. Nawaomba wazee wangu msisubiri kuambiwa. Mtoto asipewe kitu kabla ya miezi sita isipokuwa kwa agizo la mtaalamu wa afya.

Kuhusu chupa za kutuliza tumbo, mchanganyiko wa kwanza wa aina hiyo ulitengenezwa Uingereza mwaka 1851 na mtu aitwaye William Woodward, na kwa muda mrefu ulikuwa na pombe ndani yake. Si ajabu watoto walilala. Za siku hizi nyingi hazina pombe, lakini bado ni kinywaji ambacho mtoto wa wiki sita hakihitaji. Dawa za mafua zinazoleta usingizi asipewe kabisa.

Lawama na visu

Sasa nirudi kwa yule aliyeuliza kama baba "ametulia". Tunaijua imani ya kubemenda, kwamba mtoto hudhoofika na kulia kwa sababu mzazi mmoja ametoka nje ya ndoa. Uaminifu wa ndoa ni amri ya Mungu na sitaupunguza hata nukta. Lakini uzinzi wa baba hauingii katika tumbo la mtoto kama mvuke. Imani hii hufanya mtoto mgonjwa ageuzwe hakimu wa ndoa ya wazazi wake: mama anaona aibu kumpeleka zahanati, na mtoto mwenye homa ya mapafu anabaki nyumbani watu wazima wakichunguzana.

Katika makabila mengi husemwa pia kwamba mtoto analilia jina la babu au bibi fulani. Wazazi kadhaa wamenijia kabla ya Ubatizo na ombi hilo. Mimi sina ugomvi nalo, kumkumbuka marehemu kwa jina ni jambo jema, na mtoto anaweza kubeba jina la ukoo pamoja na la mtakatifu wake. Ninachowauliza ni kimoja tu: mmeshampima joto?

Kubaya kuliko yote ni kisu. Kwa miongo kadhaa nchini mwetu wamekuwapo watu wanaomtazama mtoto anayelia, mwenye homa na kuhara, na kusema ana "meno ya plastiki". Ule weupe wanaouonesha kwenye fizi ni chonge za utotoni ambazo hazijatoka, na kila mtoto anazo. Wanazichimbua kwa chombo kichafu. Wengine hukata kimeo. Matokeo yake ni kuvuja damu, pepopunda, maambukizi, na mara nyingine jeneza ambalo ni fupi kuliko mkono wangu. Nimeyazika majeneza ya namna hiyo, na sababu hazikutajwa kaburini.

Kumtuliza

Anza na yaliyo wazi: titi, nepi, joto lake, pini iliyofunguka, uzi au unywele uliojisokota kwenye kidole cha mguu. Kisha mbebe. Mwaka 1986 huko Montreal, Kanada, wazazi walioombwa kuwabeba watoto wao saa tatu zaidi kila siku, hata wasipolia, waliona kilio cha wiki ya sita kikipungua kwa asilimia 43. Wataalamu wakapewa sifa, nasi tulikuwa na mbeleko tangu zamani. Watafiti wa Japani walionesha mwaka 2013 kwamba mama anapombeba mtoto na kutembea, mapigo ya moyo wa mtoto hushuka mara moja, jambo ambalo halitokei sana mama akimbeba huku ameketi. Mwaka 2022 wakaongeza ushauri ambao bibi wa Ikonda aliutumia bila kuusoma: tembea naye dakika tano bila kusimamasimama, akisinzia keti naye dakika tano hadi nane, ndipo umlaze. Anayelazwa upesi huamka.

Ngozi kwa ngozi husaidia pia. Njia ya kumweka mtoto njiti kifuani ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na upungufu wa mashine za joto, na leo inatumika duniani kote. Kifua cha baba nacho kinafaa, na wanaume wa UWAKA wasinicheke. Mtoto anapolala awekwe chali, uso ukiwa wazi. Aliyekunywa ulanzi asilale kitanda kimoja naye.

Na jiko la mkaa litoke chumbani! Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizolala na jiko kwa sababu mtoto analia kwa baridi. Moshi wa sumu unaotoka kwenye mkaa hauna rangi wala harufu. Unamnyamazisha mtoto na mama pamoja.

Kuna usiku ambao yote hayo hayafai kitu. Hapo ndipo hatari inapoingia, kwa sababu mlezi aliyechoka anaweza kumtikisa mtoto. Shingo ya mtoto mchanga haina nguvu, na kumtikisa kwa sekunde chache kunaweza kupasua mishipa ya ubongo, kumpofusha au kumuua. Ukiona hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje, pumua dakika kumi, kisha rudi. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 21, Hajiri alimweka mwanawe chini ya kichaka akaenda kuketi mbali kiasi cha mtupo wa mshale, kwa kuwa hakuweza kustahimili kumtazama. Mungu alisikia sauti ya mtoto, na malaika hakumkaripia mama. Alimwambia asiogope, kisha akamwagiza amwinue.

Kilio kisichosubiri

Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa apelekwe zahanati au hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Vivyo hivyo anayekataa kunyonya, anayepata degedege, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika au ambaye kifua kinabonyea ndani, aliyepoa mwili, mwenye viganja na nyayo za njano, anayetapika rangi ya kijani, au ambaye choo chake kina damu. Kilio kikali cha ghafla chenye vipindi, mtoto akikunja miguu na kisha kulegea, kinaweza kuwa utumbo umejiingiza ndani ya utumbo, na huo unahitaji daktari wa upasuaji. Washona wa Zimbabwe husema mtoto asiyelia hufia kwenye mbeleko. Basi aliyezoea kulia akawa kimya na mlegevu ndiye wa kukimbizwa zaidi.

Mama naye

Jina la hospitali ya Ikonda linatokana na Bikira Maria Consolata, ambaye wana wa Mtakatifu Yosefu Allamano walituletea ibada yake kutoka Torino. Watu hulitafsiri jina hilo kuwa Mfariji, lakini kwa Kiitaliano neno lenyewe ni "aliyefarijiwa". Nimelitafakari sana tangu usiku ule. Wakinga na Wabena wengi wako safarini kwenye biashara, Mbeya, Makambako, Dar es Salaam, na mama mzazi wa wiki sita anabaki na kilio hicho peke yake. Baadhi huniambia, nje kabisa ya kiti cha maungamo, kwamba wamefika mahali pa kumchukia mtoto, na wanadhani wametenda dhambi kubwa. Huzuni isiyoisha baada ya kujifungua, kukosa usingizi hata mtoto anapolala, na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto ni ugonjwa unaotibika, na anayeugua aende hospitali. WAWATA na Jumuiya Ndogo Ndogo, mnapokwenda kumpongeza mzazi, msiishie kuleta sabuni na kanga. Mpokeeni mtoto saa mbili, mama alale.

Kuhusu Misa, nakiri kosa langu. Nikiwa padre kijana nilikatiza mahubiri nikamwomba mama mmoja atoke na mtoto wake. Nje kulikuwa na ukungu na upepo. Alisimama huko hadi mwisho wa Misa, na sikumwona tena kanisani kwa miezi mingi. Januari 2015, akiwabatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina, Baba Mtakatifu Fransisko aliwaambia akina mama wawanyonyeshe humohumo kama watoto wana njaa. Niliposoma habari ile nilimkumbuka mama yule, nikamtafuta nyumbani kwake kumwomba radhi. Alinikaribisha viazi. Mtoto alikuwa ameshaanza kutembea.

Siku hizi parokiani kwangu benchi la pili, upande wa mlango mdogo, ni la wenye watoto wachanga. Anayetaka kutembea na mwanawe hutembea kwenye njia ya pembeni, ndani, si nje kwenye upepo. Wasimamizi wa ibada wameagizwa wasimguse mtu bega. Mtoto akipaza sauti wakati wa mahubiri, mimi huongeza sauti kidogo, au hufupisha.